Nukta ya Budadiri

Nilikuwa na maoni mengi kuhusu programu,
mengi yakiwa ya Mbale, ghorofa ya pili,
feni ikizunguka, chai ikipoa.
Nilisema: skrini safi ni adabu.
Nilisema: mtumiaji asifikirishwe.
Nikaikata nukta.

Uzito wa kahawa ukatokea namba nzima,
saba, kumi na mbili, thelathini,
zimesimama wima kama wanafunzi mstarini.
Wateja wakapiga makofi, nami nikajipigia.

Leo niko Budadiri, kituo cha ushirika,
viatu vimeshiba tope la mlimani.
Khaitsa, karani, anapima buni
na simu yenye ufa, ile niliyoibebesha kazi yangu.
Anaandika. Kiduara kinazunguka.
Ukungu umeshuka, mtandao umeshuka nao,
na kiduara kinazunguka, kinazunguka,
hakisemi nimekwama, hakisemi subiri, hakisemi kitu.
Nakichukia. Ni mimi niliyekichagua,
nikakipaka rangi ya machungwa.

Programu njema hupokea kwanza, ndipo iulize njia.
Huandika kwake, kimya, kama mjumbe aliyezuiwa na mto,
anayeyashika maneno hadi maji yapungue.
Hii yangu yataka seva ya mbali iitikie
ndipo iamini kwamba gunia lipo,
gunia lililo mbele yake, linalonuka maganda.

Kisha inauliza: Una uhakika?
Khaitsa anabonyeza Ndiyo bila kutazama.
Inauliza mara mia kwa siku, anasema,
hata mama mkwe angechoka.
Siku alipofuta kweli orodha ya wiki nzima
iliuliza vilevile, kwa sauti ileile,
naye akajibu vilevile.
Laiti ningempa njia ya kurudi
badala ya maswali.

Pembeni ya mizani kuna daftari la miraba
na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi wa katani
kwenye msumari.
Nani aliifunga? Hajui. Aliikuta.
"Kalamu zilikuwa zinaondoka na watu."
Niliutazama uzi ule kwa makini
kuliko ninavyotazama msimbo wa mtu yeyote.
Kuna aliyeliona kosa kabla halijatendeka,
hakumlaumu mwenye haraka, hakubandika onyo ukutani,
akapima urefu tu: unafika safu ya mwisho,
haufiki mlangoni.

Ndani ya daftari, nukta zangu zote.
Nambozo, saba nukta nane.
Wamono, kumi na moja nukta tisa.
"Simu yako inasema saba," Khaitsa ananiambia
bila hasira, jinsi mtu anavyotaja mvua.
"Jioni najumlisha vilivyobaki, Ijumaa nawalipa
kutoka kwenye kasha. La sivyo Nambozo
atanisalimuje kanisani?"

Misimu miwili ametembea nyuma yangu
akiokota nilichomwaga.

Na sisi tunaojidai kupenda mashairi!
Mshororo ukipungukiwa mizani moja tu, tunanuna,
tunamrudishia mtunzi karatasi yake.
Gramu mia nane za mwanamke
aliyeuteremka mlima tangu alfajiri
niliziita uchafu wa skrini.

Nimeketi juu ya gunia, kompyuta magotini,
sola imenibakizia asilimia kumi na nne.
Nimeirudisha nukta. Namba zimekuwa mbaya,
ndefu, zinagusa ukingo,
neno Jumla limesukumwa hadi mstari wa pili.
Khaitsa anachungulia begani kwangu.
"Sasa inasomeka."
Namuuliza kama atalitupa daftari.
Anacheka, anauvuta uzi
kuona kama bado umekaza.